Dhahabu ya Geita, hisa zake Accra

(Ifuatayo ni mada iliyosomwa Mabatini, Mwanza, mbele ya wafanyabiashara wadogo, wavuvi na mama lishe waliotaka kuelezwa jinsi biashara ya hisa inavyokwenda. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuwapo. – Mhariri)



Nianze na swali. Mgodi wa Geita uko ng'ambo hiyo, ukishavuka daraja la Kigongo–Busisi na kuipita Sengerema. Mwenye mgodi ni kampuni ya AngloGold Ashanti. Mwananchi wa Ghana akitaka kuwa mmoja wa wenye kampuni hiyo, anakwenda kwenye soko la hisa la Accra. Wa Afrika Kusini anakwenda Johannesburg, tena huko ana masoko mawili ya kuchagua. Mmarekani anakwenda New York. Wewe unayeishi juu ya mwamba wenyewe, unakwenda wapi? Dar es Salaam? Dar es Salaam hisa hizo haziuzwi.

Kulikoni? Hilo ndilo tutakalolijadili leo. Lakini hatuwezi kulijadili kwa hasira tupu. Kwanza tuelewe hisa moja inawezaje kuuzwa kwenye masoko matatu au manne kwa wakati mmoja, nani anafaidika na utaratibu huo, na kabwela anapunjwa wapi.

HISA NA DAFTARI LA SOKO

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Ukiwa na hisa una haki ya gawio kampuni ikigawa faida, una kura kwenye mkutano mkuu, na una haki ya kuuza kipande chako kwa mwingine. Soko la hisa ni mahali pa kuuzia vipande hivyo. Siku hizi mahali penyewe ni kompyuta. Upande mmoja wanaandikwa wanaotaka kununua na bei zao, upande wa pili wanaotaka kuuza na bei zao. Mnunuzi mwenye bei ya juu kuliko wenzake anakaa mbele, muuzaji mwenye bei ya chini anakaa mbele. Bei zikikutana, biashara imefanyika. Wawili wakitaja bei ileile, aliyewahi anahudumiwa kwanza. Wewe mwenyewe huingii humo. Unaingiziwa na dalali mwenye leseni, naye anakata ada yake.

Ukilielewa daftari hilo umeelewa nusu ya mambo. Nusu ya pili ni hii: daftari likiwa moja, kila mtu anaiona foleni yote. Yakiwa manne, kila moja lina foleni yake, na mtu wa foleni hii haoni bei za foleni ile.

MWALONI PANATOSHA KUWA DARASA

Nyinyi hamhitaji profesa wa kuwaeleza hayo. Mvuvi wa Ukara ana sangara wake. Anaweza kumuuzia wakala aliyekuja na boti yenye barafu, anaweza kumsubiri wakala wa kiwanda kingine, anaweza kusafirisha mwenyewe hadi mjini. Wanunuzi wakiwa wengi na mvuvi akijua bei ya kila mmoja, anapata haki yake. Lakini akiwa hajui bei ya mjini, wanunuzi hata wawe 10 hawamsaidii kitu, kwa sababu kila mmoja atamtajia bei ya kisiwani. Na kama nyavu na mashine amekopeshwa na wakala, hana hiari kabisa. Samaki wake ameshauzwa kabla hajavuliwa.

Kwa hiyo wingi wa masoko ni neema kwa masharti matatu: ujue bei za kote, uweze kuipeleka mali yako kote kwa gharama ndogo, na anayekuuzia asiwe amefungwa na mnunuzi mmoja. Yakishikeni masharti hayo matatu. Yote nitakayoyasema kuanzia sasa yanarudi hapo.

Yupo na mtu wa nne, yule tuliyezoea kumtukana. Mwaka 1983 tulipigana vita na walanguzi. Kwenye masoko ya hisa, mtu anayenunua palipo rahisi na kuuza palipo ghali ndiye anayezisogeza bei za masoko mawili zikaribiane. Akinunua kwingi Dar, bei ya Dar inapanda. Akiuza kwingi Nairobi, bei ya Nairobi inashuka. Anafanya hivyo kwa tumbo lake, lakini mwisho wa yote bei inakuwa moja. Asipokuwapo, au akizuiwa mpakani, masoko mawili yanabaki na bei mbili, na anayeumia ni yule asiyejua.

MASOKO MANNE, BIDHAA ILEILE

Nairobi wana soko tangu mwaka 1954, na zamani lilihudumia Afrika Mashariki nzima. Sisi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kutaifisha, hisa hatukuwa na habari nazo. Sheria ya masoko ya mitaji tukaitunga mwaka 1994, Soko la Hisa la Dar es Salaam likasajiliwa mwaka 1996, na biashara ikaanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, ile ya kutengeneza gesi. Bia ikafuata mwaka huohuo. Uganda walianza Januari 1998. Rwanda walizindua soko lao rasmi Januari 2011.

Kisha kampuni za Kenya zikaanza kuziandikisha hisa zao zilezile kwenye masoko ya jirani. Kenya Airways iliingia Dar mwaka 2004, East African Breweries mwaka 2005, bima ya Jubilee mwaka 2006, benki ya KCB mwaka 2008, na kampuni ya magazeti ya Nation mwaka 2011. Mwaka 2014 yakaja maduka ya Uchumi. KCB ilifika hadi Kigali, ikawa kwenye masoko manne. Wachache walipita njia ya kinyume: Umeme ya Uganda ilikwenda Nairobi mwaka 2012, na benki ya Kigali mwaka 2018. Mabenki yetu makubwa, NMB iliyouza hisa kwa wananchi mwaka 2008 kwa shilingi 600 na CRDB iliyouza mwaka 2009 kwa shilingi 150, yameandikishwa Dar peke yake.

Wakubwa walituambia huo ndio umoja wa Afrika Mashariki. Mkataba wa Soko la Pamoja ulioanza kazi Julai 2010 ulisema mtaji utembee huru. Lakini Tanzania iliwafungulia mlango wawekezaji wa Jumuiya mwaka 2014 tu. Kabla ya hapo wageni walikuwa na kiwango chao, na kabla ya mwaka 2003 hawakuruhusiwa kabisa. Sisemi uangalifu ulikuwa mbaya. Nasema kwamba kwa miaka 10 tulikuwa na hisa za Kenya kwenye ubao wa Dar huku Mkenya aliyetaka kufanya biashara hapo akikutana na kizuizi. Soko gani linachangamka mnunuzi akiwa amezuiwa mlangoni?

BEI YA UBAONI SI MNUNUZI

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo kwenye changa la macho.

Ukiangalia taarifa za soko la Dar utaona jina la KCB au East African Breweries, na bei yake kwa shilingi zetu. Utadhani kuna mtu Dar kanunua kwa bei hiyo. Kumbe kwa kawaida ni bei ya Nairobi iliyogeuzwa kwa kiwango cha kubadilisha fedha. Hisa za kampuni hizo huuzwa Nairobi, na Dar ni nadra. Bei ipo, mnunuzi hayupo.

Kisha chukua thamani hiyo yote ya kampuni za Kenya, ijumlishe kwenye ukubwa wa soko letu. Hapo unapata mabilioni ya kutangazia kwenye hafla. Soko lenyewe linatoa takwimu mbili, ukubwa wa jumla na ukubwa wa kampuni za ndani, na kwa hilo halidanganyi. Lakini wewe umezoea kusikia ipi ikitajwa jukwaani? Siku mheshimiwa akisimama kukusomea ukubwa wa soko, muulize kwa adabu: mheshimiwa, hiyo ni ya jumla au ya ndani?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme hisa ya KCB Nairobi ni shilingi 40 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya ni 20 za kwetu. Basi hisa moja ni shilingi 800. Mama mmoja wa Mabatini ana hisa 500, ana mgonjwa, anataka kuuza leo. Kwenye daftari la Dar yupo mnunuzi mmoja tu, naye anatoa 720. Akiuza Dar anapata 360,000. Nairobi angepata 400,000. Tofauti ni 40,000. Lakini ili auze Nairobi, hisa zake zitolewe kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya Dar, ziingizwe kwenye hifadhi ya Nairobi, afungue akaunti kwa dalali wa huko, fedha zibadilishwe, benki itume, na siku zipite. Gharama hizo zikifika 40,000, mama atauza Dar kwa 720 na kunyamaza.

Sasa chukua kigogo mwenye hisa 500,000. Kwake tofauti ileile ni shilingi milioni 40. Gharama za kuhamisha kwake ni nauli ya daladala. Atahamisha. Hisa ni ileile na sheria ni ileile, lakini ukuta uliopo kati ya masoko humzuia mdogo peke yake.

Na msidhani kuandikishwa kwenye masoko mengi ni kinga. Uchumi iliandikishwa hapa mwaka 2014. Mwaka uliofuata, Oktoba 2015, ikafunga maduka yake Tanzania na Uganda. Kenya Airways nayo, biashara ya hisa zake Nairobi ilisimamishwa Julai 2020, ikafunguliwa tena Januari 2025. Miaka minne na nusu! Soko mama likifungwa, aliyeandikishwa kwa soko mtoto atamuuzia nani?

MAKINIKIA YALIPOTIKISA LONDON

Watu wa Kanda ya Ziwa wana mfano wao wenyewe. Machi 2010 migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara ilipelekwa soko la London kwa jina la African Barrick Gold. Desemba 2011 hisa hizo zikaandikishwa Dar pia. Mwaka 2014 kampuni ikabadili jina, ikawa Acacia. Tulipiga makofi kwamba dhahabu yetu imekuja nyumbani. Haikuja. Wanunuzi walikuwa London, na bei ilipangwa London.

Machi 2017 Serikali ikazuia kusafirisha makinikia. Julai mwaka huohuo ikaja na madai ya kodi ya dola bilioni 190. Bei ya hisa ikaporomoka. Kumbuka ni nani aliyeweza kukimbia. Mwenye hisa kwenye daftari la London alibonyeza kitufe, akapata mnunuzi, kwa hasara lakini akapata. Mwenye hisa kwenye daftari la Dar alihitaji kwanza mtu wa kununua.

Na mwisho wake? Septemba 2019 Barrick, iliyokuwa na karibu asilimia 64 ya hisa, ikachukua zilizobaki. Aliyeidhinisha mpango huo ni mahakama ya Uingereza. Malipo hayakuwa fedha taslimu, yalikuwa hisa za Barrick, 0.168 kwa kila hisa moja ya Acacia. Mwenye hisa 1,000 za Acacia akapewa 168 za Barrick, ambazo huuzwa New York na Toronto. Ubao wa Dar ukafutwa jina hilo. Mwaka 2016 Serikali ilikuwa imetunga kanuni za kuzitaka kampuni kubwa za madini ziwauzie wananchi asilimia 30 ya hisa kupitia soko la Dar. Angalia ubao leo: hakuna mgodi mkubwa wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa ambao hisa zake zinauzwa hapo.

WENZETU WANASHINDANISHAJE MASOKO?

Kuna watakaosema dawa ni soko moja tu, tufunge mengine. Tusikimbilie ukiritimba, tunajua ulivyotutenda.

Marekani wana zaidi ya masoko 10 ya hisa yenye leseni. Hisa iliyoandikishwa New York inaweza kuuzwa siku hiyohiyo kwenye masoko mengine yote. Kwa nini mama wa kule hapunjwi kama mama wa Mabatini? Kwa sababu mwaka 1975 Bunge lao liliagiza masoko yaunganishwe kuwa mfumo mmoja wa taifa. Bei bora za masoko yote zikatakiwa kutangazwa pamoja. Na mwaka 2005 mamlaka yao ilipitisha kanuni iliyokataza soko kuuza hisa kwa bei mbaya wakati soko jingine linaonyesha bei nzuri kuliko hiyo. Ushindani ukahamia kwenye ada na kasi.

Sisemi kwao ni peponi. Wapo wenye mitambo ya kasi wanaoiona bei ikibadilika kwenye soko hili na kuwahi kwenye soko la pili kabla ya wengine, kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Biashara nyingine hufanyika gizani, nje ya masoko ya wazi. Na yapo makampuni makubwa yanayowalipa madalali ili oda za wateja wadogo zipelekwe kwao. Mnamkumbuka wakala wa nyavu? Ndiye huyo, kavaa suti. Hata ile kanuni ya mwaka 2005 kuna wanaoibishia kwamba imezidisha utitiri wa masoko. Lakini wanabishana juu ya senti. Sisi tunabishana juu ya kama mnunuzi yupo au hayupo.

Afrika Kusini ni karibu zaidi. Johannesburg ilikuwa na soko lake kongwe tangu mwaka 1887. Oktoba 2017 likaja soko jipya, A2X, halikuandikisha kampuni changa, likawaambia wakubwa waliokwisha kuandikishwa: leteni hisa zenu zilezile na hapa kwetu, ada yetu ni ndogo. AngloGold Ashanti ni mmojawapo. Basi jamani, hisa ya mwenye Geita ina New York na masoko yake lukuki, ina Johannesburg, ina A2X, ina Accra. Mshindani mmoja tu hayupo, naye ndiye mwenye shimo.

Nisiwadanganye: hata Accra hisa hizo huuzwa kwa nadra. Ghana walizipata kwa sababu kampuni yao ya Ashanti iliungana na AngloGold mwaka 2004. Kuandikisha peke yake hakuleti wanunuzi. Ndiyo maana madai yetu yasiishie kwenye kuandikisha.

TUDAI NINI?

Kwanza, migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa iandikishe hisa zake Dar, lakini pawepo kampuni yenye mtaji inayobanwa kwa mkataba kununua na kuuza kila siku kwa bei zilizotangazwa. Bila hiyo tutapata Acacia ya pili: jina ubaoni, mnunuzi London.

Pili, hifadhi za kumbukumbu za Dar, Nairobi, Kampala na Kigali ziunganishwe, hisa ihame kwa gharama ambayo mwenye hisa 500 anaimudu. Jumuiya ilianzisha mradi wa kuunganisha mitambo kwa fedha za Benki ya Dunia, na Kenya, yenye soko kubwa kuliko yote, ikabaki nje ya mfumo huo. Ni sawa na kujenga gati la Mwanza bila ziwa. Mwaka 2022 masoko 7 ya Afrika yakaunganishwa kwa mpango mwingine. Nairobi ilikuwamo. Dar haikuwamo katika hayo 7. Wabunge wetu walimuuliza nani?

Tatu, dalali alazimishwe kumwonyesha mteja, kwa maandishi na kwa Kiswahili, bei ya soko mama na bei ya Dar kabla ya kuuza hisa ya kampuni iliyoko kwenye masoko mawili. Hilo halihitaji Benki ya Dunia. Linahitaji waraka wa kurasa mbili.

Nne, huduma ifike mikoani. Siku hizi kuna Hisa Kiganjani, unanunua kwa simu, na ni hatua nzuri. Lakini simu haikuelezi kwa nini bei iliyoandikwa si bei utakayopata.

Na wewe ndugu msomaji, kabla hujampa dalali fedha yako, muulize maswali matatu. Hisa hii inauzwa kweli wapi? Wiki iliyopita Dar zimeuzwa ngapi? Nikitaka kutoka, nitatoka kwa gharama gani na kwa siku ngapi? Akisitasita kwenye swali la pili, funga pochi yako urudi nyumbani.

Maswali sasa, na waanze akina mama.